Jua na sayari: majibu ya maswali mnayotuuliza

Wasikilizaji wetu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, kila tunapogusia habari za jua hewani, maswali huwa mengi. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Tunaona jua likitembea. Mbona tunaambiwa ni dunia?
Ukipanda treni ya TAZARA hapa Ifakara kwenda Mlimba, miti inaonekana kurudi nyuma, kumbe wewe ndiye unayesonga. Dunia hujizungusha yenyewe kwa saa 24, ndipo tunapata mchana na usiku. Wakati huohuo inalizunguka jua kwa siku 365 na robo.

Sayari nyingine nazo?
Zote nane hulizunguka jua. Iliyo karibu zaidi humaliza mzunguko kwa siku 88, na ya mbali kabisa, Neptuni, kwa miaka 165 hivi. Ile "nyota" kubwa ya alfajiri au jioni ni sayari pia, Zuhura.

Kwa nini haziangukii kwenye jua?
Mtoto akizungusha jiwe lililofungwa kamba, kamba hulivuta jiwe na mwendo hulizuia lisimrudie mkononi. Kwa sayari, kamba ni nguvu ya uvutano ya jua.

Joto la Oktoba ni kwa sababu jua limetukaribia?
Hapana. Dunia huwa karibu zaidi na jua mapema Januari, na wakati huo Ulaya wana baridi kali. Sababu ni kwamba dunia imeinama. Ndiyo maana jua la mchana huhama: Juni hupita kaskazini mwetu, Desemba kusini. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari hupita utosini. Februari mawingu na mvua hupunguza ukali wake. Oktoba ardhi ni kavu na anga ni wazi. Jaribu mwenyewe: katikati ya Oktoba simamisha fimbo wima, saa sita na dakika ishirini hivi mchana. Kivuli chake karibu kitatoweka.

Mwaka 2016 jua lilipatwa na nini?
Tarehe 1 Septemba mwezi ulipita kati yetu na jua. Rujewa, wilayani Mbarali, watu walikusanyika kuona jua likibaki pete ya mwanga. Sisi huku tuliliona limebaki kama mundu.

Tunaweza kuliangalia likipatwa?
Si kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, wala kwenye ndoo ya maji. Mwanga wa jua huunguza ndani ya jicho bila kuuma, na uoni unaweza usirudi. Tumia miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Kama huna, simama chini ya mwembe na uangalie ardhini: vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani huchukua umbo lilelile la mundu. Waonyesheni watoto hapo.

Endeleeni kutuma maswali, tutayajibu hewani.