Kutoka Kariakoo ya Wapagazi hadi Kariakoo ya Simu: Nani Anayatunza Maneno?

Jina la Kariakoo lenyewe ni somo la msamiati. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, waliojulikana kama Carrier Corps, waliwekwa kambini katika eneo hili. Hawakupewa kitabu cha Kiingereza wala mwalimu. Jina lilipokewa kwa sikio, likatamkwa kwa ulimi wa wenyeji, likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliangamia katika vita vile kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi wao majina yao hayajulikani. Neno walilolisikia ndilo lililobaki.

Ninaanza hapo, ndugu msomaji, kwa kuwa leo Kariakoo inajifunza lugha nyingine kwa njia ile ile ya sikio, isipokuwa safari hii sikio limeegeshwa kwenye simu.

Biashara ya pwani yetu daima imekuwa darasa lisilo na ubao. Wareno walituachia meza na leso. Kutoka Bara Hindi tukapata laki na hundi. Maneno hayo yaliingia kwa haja ya anayekopa na anayekopesha kuelewana. Wageni, kwa upande wao, walikuja na kalamu. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf ikafuata mwaka 1882. Maneno yalitoka vinywani mwa watu wa Unguja na Mombasa, yakachapwa London.

Wachina nao walijiandaa mapema. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, wahandisi wao walifuatana na wakalimani. Sisi tulichelewa. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, lakini mwenye duka Mtaa wa Kongo hana nafasi ya kupanda daladala kwenda Mlimani kusoma Kichina wakati wateja wanamsubiri.

Darasa lake limekuwa WeChat, programu ya ujumbe iliyoanzishwa China mwaka 2011. Tangu WhatsApp ilipozuiwa nchini humo mwaka 2017, anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou hana budi kuwa nayo. Humo hupokea picha ya bidhaa, bei, na ujumbe wa sauti. Sauti hiyo ndiyo yenye kufundisha. Kichina ni lugha ya toni: mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Ukiyaandika bila alama, yote mawili huwa mai, na mnunuzi hatofautiki na muuzaji. Kitabu kinaweza kuchora alama juu ya irabu. Ujumbe wa sauti unakuruhusu kusikiliza toni yenyewe mara kumi, kati ya mteja mmoja na mwingine, bila kumwonea aibu mwalimu.

Ipo pia njia ya mkato: kitufe cha kutafsiri. Kinampa mtu maana ya ujumbe, lakini hakimwachii neno. Siku atakapokaa ana kwa ana na mwenye kiwanda, naye mwenye kiwanda akamgeukia mwenzake kunong'ona bei ya kweli, kitufe hakitamsaidia.

Mama mmoja muuza viatu aliwahi kunieleza kwamba alikusanya sauti kama hizo kwa miaka mitatu: namba, saizi, rangi, namna ya kuomba apunguziwe. Kisha akaibiwa simu katika msongamano wa Msimbazi. Aliponisimulia, hakuitaja sana bei ya simu. Alisema, "Mwalimu, kamusi yangu yote imekwenda."

Julai 2025 serikali ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, zikiwemo za jumla na rejareja. Mjadala ulikuwa mkali, na sababu zake tunazijua. Lakini amri hulinda mlango wa duka lililopo Kariakoo. Haimsemei mwenye duka akiwa Guangzhou. Huko analindwa na maneno anayoyajua.

Tunayo BAKITA, tunayo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na Taasisi ya Confucius ipo chuo hicho hicho. Haizidi uwezo wao kuteremka sokoni, kukusanya kwa ridhaa ya wenyewe maneno ambayo wafanyabiashara wamejifunza kwa jasho, na kuyatoa kama kamusi ndogo ya sauti ya Kichina na Kiswahili, ya bure, inayopitishwa kutoka simu hadi simu. Steere na Krapf waliifanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya watu wao, bila umeme. Wapagazi wa 1916 hawakuwa na wa kuwaandikia. Mama yule anaye, kama sisi tuliosomeshwa kwa kodi yake tutakubali kwenda.