Posho ya Safari na Deni la Msomi: Tabora katika Historia ya Kugharimia Elimu ya Juu

Utangulizi

Swali linalochunguzwa katika makala hii ni fupi: mtu aliyesomeshwa chuo kikuu anadaiwa na nani? Wengi leo watajibu mara moja kwamba anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Jibu hilo ni la kweli kwa upande wa sheria. Walakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba mdai amebadilika zaidi ya mara moja, na kwamba kila alipobadilika, namna ya kulipa nayo ilibadilika. Ili kuliona jambo hili vema, tutaanzia Tabora, mji uliojifunza habari za mkopo na posho muda mrefu kabla ya kuwako chuo kikuu hata kimoja Afrika Mashariki.

Mkopo na posho katika njia ya misafara

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hata Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Mji wa Tabora, ambao wasafiri wa kwanza wa Kizungu waliujua kwa jina la Kaze, ulikuwa kituo kikubwa cha njia hiyo katikati ya karne ya 19. Hapo misafara ilipumzika, wapagazi wakaajiriwa upya, na njia ikagawanyika, moja kuelekea Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Mali iliyopita katika njia hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, mashuhuri kati yao Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, walitoa vitambaa, shanga na bunduki kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora, alisafiri kwa mali ya namna hiyo, naye ameyasimulia mambo hayo katika habari za maisha yake. Aliyekosa pembe alibaki bara miaka mingi, akiogopa kurudi pwani kukabili wadai wake. Wala tusisahau kwamba biashara hiyo ilikuwa pia biashara ya wanadamu: deni la mtu mmoja lililipwa mara nyingi kwa uhuru wa mwingine.

Pamoja na mkopo kulikuwa na posho. Mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyefanya kazi kwa ujira. Alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, naye alipewa posho, yaani kipimo cha kitambaa au shanga cha kununulia chakula njiani. Bila posho hapakuwa na safari. David Livingstone, baada ya kuagana na Stanley mwaka 1872, alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Machi hata Agosti akiwangoja watu na vifaa kutoka pwani.

Basi vitu hivi viwili vilikuwa na makusudi tofauti. Mkopo ulitolewa ili mali irudi pamoja na faida. Posho ilitolewa ili mtu afike na mzigo ufike. Tutakapotazama elimu ya juu, tutaona kwamba taifa letu limeitazama fedha ya mwanafunzi mara kama posho, mara kama mkopo.

Deni kwa kijiji

Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilifungua shule yake Tabora, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Huko alifika Julius Nyerere mwaka 1937. Alikwenda Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's, ambako Padre Richard Walsh alimtia moyo kuendelea na masomo. Mwaka 1949 alisafiri kwenda Edinburgh kwa ufadhili wa serikali, akahitimu mwaka 1952. Mtu huyu alijua kwa maisha yake mwenyewe kwamba wachache husomeshwa kwa jasho la wengi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika miaka ya kwanza ya uhuru alitoa mfano ambao ungeeleweka upesi na mzee yeyote wa Unyanyembe. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila asirudi, alisema, ni msaliti. Hii ni lugha ya posho. Mdai ni kijiji, na malipo ni kurudi.

Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Serikali ikachukua juu yake gharama za wanafunzi. Lakini mwaka 1966 ilipotakiwa wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi waliandamana tarehe 22 Oktoba. Wapatao 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Wakati huohuo Rais alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Nehemia, ambaye watu walipolia kwa sababu ya madeni aliwakemea wakopeshaji, na yeye mwenyewe akaiacha posho iliyokuwa haki yake kama liwali (Neh. 5). Katika hali hizo mbili, aliyewadai wengine alianza na nafsi yake.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliendeleza mawazo hayo, kwa kutaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Wapo walioona mzigo ni mzito, na malalamiko yao hayakuwa bure. Hata hivyo, katika kipindi hicho chote hapakuwa na shaka mdai ni nani.

Kutoka posho hadi mkopo

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kuanguka kwa bei za mazao yetu, na masharti yaliyofuata mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, viliifanya serikali ishindwe kuendelea kubeba gharama zote. Mpango wa kuchangia gharama ulianza kutekelezwa mwaka 1992, kwanza katika mambo kama nauli na ada za kujiandikisha, baadaye katika chakula na malazi. Tangu mwaka 1994 serikali ikawa inakopesha. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005.

Haifai kusema kwamba badiliko hili lilileta mabaya matupu. Kwa mkopo, maelfu ya vijana wamesoma ambao wasingesoma. Wanafunzi wa vyuo vya makanisa nao hukopeshwa, na vyuo vingi vyetu vingekuwa na viti vitupu pasipo mikopo hiyo. Lakini mdai amebadilika. Makato ya mshahara yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 kwa sheria ya mwaka 2016, na deni liliongezwa kila mwaka asilimia 6 ya kulinda thamani, hata tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021. Mwanafunzi hupokea fedha anayoiita bumu, huila kama posho, na baadaye hugundua kwamba ilikuwa mkopo.

Jambo lenye uzito zaidi ni hili: alipaye fedha zote anaweza kudhani kwamba hadaiwi tena na mtu. Kijiji kimetoweka katika hesabu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, ambaye naye huchukua mbolea kwa mkopo na kukatwa wakati wa mauzo, bado huchangia hazina inayokopesha wanafunzi. Hakuna hati inayomtaja kuwa mdai.

Wajibu wa Kanisa

Torati inaruhusu kukopesha, lakini inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu (Kum. 24:6). Kanisa linayo haki, tena wajibu, wa kuuliza kama makato na masharti yanamwachia mwalimu mpya jiwe lake la kusagia.

Uko pia wajibu ulio karibu zaidi. Yatima hutakiwa kuthibitisha kifo cha mzazi kwa cheti kilichohakikiwa na RITA, na vijijini vifo vingi havikuandikishwa. Kijana mwenye haki kuliko wote hukosa kwa sababu ya karatasi. Mchungaji anayewahimiza waumini kuandikisha vizazi na vifo mapema, na anayekaa na kijana kuisoma fomu pamoja na mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, anafanya kazi ya uchungaji.

Hatimaye, tuwafundishe wasomi wetu kwamba wana madeni mawili. La kwanza lina namba, na kila mwezi hupungua mpaka kwisha. Ni uaminifu kulilipa. La pili ni la wale waliotoa chakula cha njiani. Deni hili halikatwi katika mshahara, wala Bodi haiwezi kulisamehe, kwa kuwa si mali yake. Hulipwa pale daktari anapokubali kwenda Sikonge, na mwalimu anapobaki Kaliua. Wapagazi wa Unyanyembe walijua kwamba posho huisha njiani, lakini mzigo lazima ufike.