Zana za kupandia Mlima Kenya (1943)

Zana za kupandia Mlima Kenya zilizotengenezwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ni mfano wa vifaa vya ukweaji vilivyoundwa kwa chakavu. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walizuiliwa katika kambi ya mateka Na. 354, Nanyuki. Mashoka ya barafu yalitokana na nyundo zilizofuliwa upya kwa siri. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu yalikatwa kwenye mabati ya magari mabovu, na kamba zilisokotwa kwa katani ya vitanda vyao. Ramani, kwa kukosa nyingine, ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama.

Januari 1943 walitoroka. Barsotti aliugua, akabaki kwenye kambi waliyopiga mlimani. Wenzake walishindwa kufika kilele cha Batian (mita 5,199), wakafika kilele cha Lenana (mita 4,985). Kisha wote watatu wakarudi wenyewe kifungoni.

Kamba ya katani ilikuwa hatari: hainyumbuki, na ikilowa huganda. Baada ya vita nailoni ilichukua nafasi yake, kwa kuwa hurefuka na kumeza kishindo cha anguko.

Benuzzi alichapisha kisa cha kutoroka kwao kwa Kiitalia mwaka 1947.