Dawa Iliyotoka Katika Maji Machafu ya Cagliari

Tukitaja historia ya antibiotiki, wengi wetu tunamkumbuka Alexander Fleming na penisilini yake ya mwaka 1928. Giuseppe Brotzu hatajwi sana hapa Uingereza, ingawa dawa zilizoanzia kwake zinatumika hospitalini duniani kote. Makala haya yanaeleza jinsi kiumbe kidogo kutoka baharini kilivyokuwa dawa, na faida yake ilikwenda wapi.

Brotzu alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cagliari, kisiwani Sardinia, Italia. Mwaka 1945 homa ya matumbo ilikuwa bado inawasumbua watu wa huko. Brotzu aligundua jambo la ajabu. Vijana waliogelea karibu na bomba lililomwaga maji taka ya mji baharini, lakini hawakuugua kama alivyotarajia. Akajiuliza: je, kuna kitu ndani ya maji hayo kinachoua vijidudu vya maradhi?

Akachota maji pale pale penye bomba, akaotesha vilivyomo, akapata kuvu iitwayo Cephalosporium acremonium. Majimaji yaliyotoka kwenye kuvu hiyo yalizuia bakteria wa homa ya matumbo kukua. Akayajaribu kwa wagonjwa wa homa hiyo na wenye majipu, na baadhi yao walipata nafuu. Lakini hakuwa na fedha wala vifaa vya kuitenga dawa yenyewe. Mwaka 1948 alichapisha matokeo yake kwa Kiitaliano, katika jarida dogo la taasisi yake, akitumaini kwamba maabara yenye uwezo zaidi ingeendeleza kazi hiyo.

Jarida hilo lilisomwa na watu wachache. Daktari mmoja Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Sardinia ndiye aliyesaidia habari ifike Oxford, na Brotzu akatuma kuvu yake huko. Edward Abraham na Guy Newton waliichunguza kwa miaka kadhaa, na mwaka 1953 wakapata sefalosporini C. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya penisilini, lakini ilikuwa na sifa moja kubwa: haikuvunjwa kwa urahisi na kimeng'enya ambacho bakteria sugu walitumia kuiharibu penisilini. Wakati huo bakteria hao walikuwa wameshaenea hospitalini, na madaktari walihitaji silaha mpya. Mwaka 1964 dawa ya kwanza ya kundi hilo, sefalotini, iliingia sokoni. Baadaye ikaja seftriaksoni, sindano ambayo ndugu zetu wengi Mombasa na Dar es Salaam wanaijua vizuri.

Na faida? Hataza zilisajiliwa Uingereza. Abraham hakujilimbikizia mali. Sehemu kubwa ya fedha zake aliitoa kwa ajili ya utafiti, hasa pale Oxford. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, fedha ziliifuata maabara, hazikuifuata bahari. Hatuwezi kusema Sardinia iliibiwa, kwa sababu Brotzu alitoa kuvu yake kwa hiari, na bila miaka ya kazi ya Oxford isingekuwa dawa. Lakini wakati ule hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyouliza mahali kiumbe kilipotoka.

Leo ipo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi ya asili ipate sehemu ya faida. Swali hili linaihusu pia pwani ya Waswahili, yenye mikoko, matope na matumbawe yaliyojaa viumbe visivyoonekana kwa macho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, kwa hiyo wataalamu wapo. Lakini historia ya Cagliari inaonyesha kwamba mtaalamu makini peke yake hatoshi. Brotzu aliona kabla ya wengine wote, lakini alikosa maabara ya kumalizia kazi. Sheria inaweza kuipa pwani yetu mgawo wa faida; maabara ndiyo itakayoiwezesha kutengeneza dawa yake yenyewe.