Baisikeli Kuukuu na Mnunuzi Wake

Tuchukue mfano wa Sudi, pwani ya Lindi. Baisikeli ya mchuuzi wa samaki ikiharibika njiani, samaki huoza. Kipuri kilicholala uvunguni mwako chaweza kuokoa mali yake. Lakini kitamfaa mchuuzi yupi? Historia itatuonyesha.

Zamani baisikeli nyingi zilitoka Uingereza. Kiwanda cha Raleigh kilikuwa Nottingham, na cha BSA kilikuwa Birmingham. Mwaka 1957 BSA iliuza biashara yake ya baisikeli kwa Raleigh. Lakini viwanda havikufuata kipimo kimoja. Hesi za Raleigh, kwenye uma na kwenye krenki, zilikuwa na mistari 26 katika inchi moja. Viwanda vingine vingi vya Uingereza vilikata mistari 24. Ukilazimisha kimoja kiingie kingine, utaharibu vyote viwili.

Magurudumu yana habari nyingine. Phoenix za Shanghai na Hero za India zilipokuja, nyingi zilifuata kipimo kile kile cha Waingereza, inchi 28 kwa 1½. Kwa hiyo rimu ya Raleigh kuukuu yaweza kumfaa mwenye Phoenix. Hesabu kwanza matundu ya spoki: desturi ya Uingereza ilikuwa 32 mbele na 40 nyuma.

Basi futa kutu, soma jina, pima, kisha mwulize fundi. Ukikiuza kwa kilo kama chuma chakavu, umeuza uzito tu.

Swali la kujadili: Je, kijijini kwenu ni nani bado anapanda baisikeli ya namna hiyo?