Mchunguzi wa mashushushu naye akachunguzwa

Wadau, kuna Mjerumani mmoja ambaye sisi tunaokula kwa kalamu tulipaswa kumfahamu zaidi. Anaitwa Erich Schmidt-Eenboom, kazaliwa 1953. Alianza kama ofisa wa jeshi, kisha akaja kuongoza taasisi ndogo ya utafiti wa masuala ya amani katika mji wa Weilheim, jimbo la Bavaria. Jimbo hilo hilo, kule Pullach nje ya Munich, ndiko yalikokuwa makao makuu ya BND, shirika la ujasusi wa nje. Lilianzishwa rasmi 1956 chini ya Reinhard Gehlen, jenerali aliyekuwa akilipelelezea jeshi la Hitler habari za Warusi. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Mwaka 1993 bwana huyu akatoa kitabu kuhusu BND, Schnüffler ohne Nase, yaani wanusaji wasio na pua. Kejeli hiyo! Kilikuwa na mengi ya ndani, na Pullach wakabaki na swali moja tu: nani kati yetu anamnong'oneza? Wakatuma watu wamfuatilie yeye, ofisi yake na aliokutana nao. Shirika la kupeleleza ng'ambo likawa linamvizia raia wake mwenyewe mlangoni kwake.

Siri ilifichuka Novemba 2005. Mkuu wa BND, August Hanning, akaomba radhi. Kamati ya bunge ikamkabidhi uchunguzi Gerhard Schäfer, aliyewahi kuwa jaji wa mahakama kuu ya shirikisho, na ripoti yake ikatoka 2006.

Mashushushu hawakunishangaza, kazi yao ndiyo hiyo. Walionitoa jasho ni waandishi. Ripoti ilionyesha kwamba wapo wanahabari waliokuwa wakiipelekea BND habari za wenzao: fulani anaandika nini, anakutana na nani. Hebu fikiria, unayemwachia meza yako ukienda kunywa chai ndiye anayekuandikia ripoti!

Schmidt-Eenboom alishaligusa jambo hili mapema. Kitabu chake cha 1998, Undercover, kinahusu uhusiano wa BND na waandishi wa Ujerumani. Ilibidi ipite miaka minane, hadi Mei 2006, ndipo ofisi ya Kansela ilipoipiga marufuku BND kuwatumia waandishi kuwapeleleza waandishi wenzao.