Imepokelewa, lakini ni nini kilichopokelewa?



Naanza na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo historia hii haina mlango. Mwaka jana tulifiwa Mombasa. Sisi wa chama cha kuzikana hapa East Side ya Columbus tukatoa mchango wetu taslimu, na wanachama 14 walioko nyumbani wakatakiwa walipe kwa M-Pesa. Mimi kwa kujitia ufundi nilishaunda kijiprogramu cha kuwatumia ombi la malipo kwenye simu, nikamkabidhi wakala wa akili bandia akitumie. Usiku ule akaniambia wote 14 wamelipa. Nikawapigia wafiwa, nikawaambia wakodi basi. Kulipokucha, kumbe waliolipa ni watano tu! Wengine waliona ombi wasilolijua, wakabonyeza kukataa.

(Neno “wakala” lenyewe lina vurugu. Kwa mtu wa Mombasa wakala ni yule wa dukani anayekuwekea na kukutolea pesa. Hapa nasema programu inayosoma maelezo ya vyombo, ikachagua chombo na kukitumia bila kukuuliza.)

Nikadhani mashine imeongopa. La hasha. Nilirudi kwenye maelezo niliyoyaandika mwenyewe, nikakuta mstari mmoja: “Hulipisha wanachama. Jibu 0 maana yake imepokelewa.” Imepokelewa nini? Akilini mwangu lilikuwa ombi, na ombi ni LI-YA: limepokelewa. Msomaji wangu akaona I, akaiunganisha na pesa. Na mimi ndiye ninayewasahihisha wanafunzi ngeli kila wiki!

Sasa tuangalie nyuma kidogo, kwa sababu kumwandikia msomaji asiyekuwa mtu si jambo la jana, hasa hapa Ohio. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo hili vilianzisha hapa Columbus kituo cha pamoja cha maktaba, ndicho OCLC ya leo. Tarehe 26 Agosti 1971 maktaba ya Alden, pale Ohio University mjini Athens, ikawa ya kwanza kuorodhesha vitabu kupitia mtambo wake. Rekodi zilifuata mfumo wa MARC, uliobuniwa Library of Congress chini ya Henriette Avram miaka ya 1960. Katika MARC jina la kitabu liko sehemu ya 245, na pembeni yake kuna tarakimu inayoiambia mashine iruke herufi ngapi inapopanga kwa alfabeti. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na “The” huandikwa 4. Cha Kiswahili kwa kawaida ni 0, kwa kuwa lugha yetu haina kidude hicho. Mtu haambiwi jambo hilo, analijua. Mashine lazima iambiwe. Ila mworodheshaji akikwama alikuwa na mwenzake wa meza ya pili wa kumwuliza.

Na M-Pesa ilipita njia hiyo hiyo. Safaricom waliianzisha Machi 2007, na kwa miaka mingi mwenye duka aliyetaka kompyuta yake ijue nani kalipa alihangaika, wengine wakichambua SMS tu. Mwaka 2015 mlango wa programu ukafunguliwa, nao ulikuwa mzito kuingilika. Mwaka 2017 likaja Daraja, API nyepesi ambayo hata mwanafunzi aliweza kuijaribu kwa kompyuta yake. Hapo ndipo penye kiini cha kisa changu. Ukituma ombi la STK Push, unapata majibu mawili kwa nyakati mbili. La kwanza linakuja papo hapo: 0, yaani ombi limekubaliwa kushughulikiwa. La pili linakuja baadaye, mlipaji akishaweka namba ya siri au akikataa. Nalo likiwa sawa ni 0 vile vile! Vijana wa Nairobi walilijua hili kwa kuulizana. Nusu ya ujuzi ilikuwa midomoni, haikuwa kwenye karatasi.

Wakala hana wa kumwuliza. Tangu Juni 2023, OpenAI walipowapa waunda programu njia ya kuieleza modeli vyombo vyao, na zaidi tangu Novemba 2024 Anthropic walipotoa itifaki ya MCP, maelezo ya maneno ya kawaida ndiyo anayoyasoma wakala ili kuamua afanye nini. Zamani ukiandika vibaya, mtu alikutukana kisha akajaribu mwenyewe. Siku hizi maneno yako yanatendwa kama yalivyo.

Nimeandika upya, na hebu mnikosoe: “Chombo hiki hutuma ombi la malipo kwa mwanachama mmoja. Hakithibitishi malipo. Namba ya simu ianze na 254, si 0. Jibu 0 hapa maana yake ombi limepokelewa, pesa bado. Kujua kama pesa zimeingia, tumia chombo cha matokeo: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mlipaji ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu. Usimtumie mtu ombi la pili kabla tokeo la kwanza halijajulikana.” Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda zaidi, kwani bila hiyo bibi wa watu angeweza kutozwa mara mbili.

Tulipochanga tena kwa ajili ya arobaini, wakala alinijibu hivi: maombi 14 yamepokelewa, tisa wamelipa, mmoja simu haipatikani, wanne wameghairi. Hao wanne niliwapigia mwenyewe. Mmoja wao ni shangazi yangu, na mpaka leo anasema hamwagi namba yake ya siri kwa sababu eti mashine imemwomba.